Shimo la Preben, Kijiti Changu

Mimi sina mashine ndefu. Nasema mapema ili mtu akiniona kwenye shamba la Ejnar asidhani nimeibiwa. Wenzangu wa chama hutembea na mashine zao za kutafutia vyuma vya kale ardhini, visikizi masikioni, wakizipeperusha huku na huku kama watu wanaofagia uwanja usioisha. Mimi nawafuata nyuma na kijiti.

Ni kijiti cha mkononi, cha plastiki ya rangi ya chungwa, kinene kama karoti na kirefu kuipita kidogo. Ukikichomeka kwenye udongo na ncha yake ikakaribia chuma, kinatetemeka na kulia taratibu. Ukikaribia zaidi kinalia upesi upesi. Ukigusa, kinapiga yowe moja lisilo na nukta, kama shemeji aliyekosa urithi. Mashine ndefu inajua kwamba kuna kitu. Kijiti kinajua kiko wapi. Kati ya kujua huku na kujua kule pana rundo kubwa la tope, na humo ndimo nilimozeekea.

Marehemu mume wangu, Villy, ndiye aliyekuwa akipeperusha. Yeye alisimama, mimi nilipiga magoti, na watu wakasema ile ndoa ina adabu. Mashine yake ikilia, anachimba donge, ananiachia, nami naliuliza donge kwa kijiti, upande huu, upande ule, nalimega polepole mpaka kitu kinadondoka kiganjani. Leo vitu vya Villy vimo kwenye kabati la vioo makumbusho, kila kimoja na kibao chake: kimeonwa na Villy Thorsager. Hakuna hata kimoja ambacho hakikupita kwanza kwenye vidole vyangu.

Sikusema neno. Kwetu huku Jutland kaskazini mtu hajisifu. Akijisifu, majirani humshusha chini haraka kuliko mvua. Ukimwuliza mwanamke nani kaoka keki hii tamu, anatazama dirishani. Lakini Villy alipokwisha kufa na mashine yake tukampa binamu yake, nilianza kutamani kitu kimoja, nami nilikitamani kama mjamzito anavyotamani udongo. Kibao kimoja tu. Kimeonwa na Bodil Thorsager.

Taabu ni kwamba chama chetu kina desturi. Kitu ni cha yule ambaye mashine yake imelia na sepeto lake limechimba. Kijiti hakihesabiwi. Mwenyekiti wetu, Preben Mølbak, nilimwuliza siku moja mbele ya watu, akajifuta mdomo kwanza.

"Bodil," akasema, "supu ikiwa tamu anasifiwa mpishi. Hatuandiki jina la kijiko."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kilikuwa kichekesho kizuri, na nikakiweka akiba.

Basi ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba. Ejnar alikuwa ameshavuna shayiri yake kwenye shamba la juu, lile linalotazama maji ya Limfjorden, amelima, amesawazisha, na kesho yake angepanda ngano. Alitupa siku hiyo moja. Ejnar ni mtu wa maneno machache. Alituambia, "Mkichimba, fukieni," akarudi kwa ng'ombe wake.

Niliwekwa pamoja na Preben, kwa sababu wengine wote wana magoti mazima na yeye hataki kuinama. Tulikwenda na upepo usoni. Saa za asubuhi tuliokota misumari, kipande cha kiatu cha farasi, na bati lililobanwa na trekta hadi likawa kama karatasi. Kisha mashine yake ikalia vizuri. Ana uso wake wa wakati huo: anafumba jicho moja na kuinua kidevu, kama mtu anayeonja divai asiyoilipia. Akachimba. Donge likatoka, nikalikamata, nikaliuliza, na katikati yake nikatoa kifungo cha shaba.

Preben akakipulizia vumbi. "Kifungo cha askari," akasema. "Cha vita vya zamani. Tazama lile taji."

"Au cha suruali ya babu yake Ejnar," nikasema.

"Wewe huna historia, Bodil. Haya, fukia shimo."

Akakitia mfukoni, akaendelea mbele na upepo wake.

Sasa kuna jambo moja ambalo Villy alinifunza, na kwa kweli nilimfunza mimi, lakini amekufa, acha alichukue yeye: shimo halifukiwi kabla ya kuulizwa mara ya pili. Chuma kimoja huficha kingine. Kwa hiyo nikapiga magoti. Kwangu mimi kupiga magoti ni mpango, si tendo, maana upande wa kulia nina nyonga ya chuma niliyowekewa hospitalini, na goti la kushoto halielewani nayo. Nikashika ukingo, nikashuka, nikakichomeka kijiti.

Kuta za shimo, kimya. Pembe zote, kimya. Nikagusa chini kabisa, kikalia.

Kikalia taratibu, kama kinaota. Nikakisogeza upana wa kidole, sauti ikafa. Nikakirudisha, ikaamka. Nikazunguka hivyo, upande hadi upande, mpaka nikawa nimekichora kile kitu kichwani bila kukiona: mviringo mrefu kidogo, mkubwa kama nusu ya yai la bata. Nikapanua shimo kidogo kwa pembeni, kwenye ule udongo mweusi unaogeuzwa na jembe kila mwaka, kisha nikauliza tena. Mbali na pale kiasi cha shibiri, kikalia mara ya pili. Umbo lile lile. Viwili, sawa sawa, vimelala bega kwa bega.

Takataka hazilali bega kwa bega. Takataka hulala ovyo, kama walevi.

Nikauinamia ule udongo. Weusi wa jembe ulikuwa umeishia pale pale nilipokuwa nimegusa. Chini yake unaanza udongo wa manjano ambao hakuna jembe lililoufikia, nao haukuwa wa manjano safi. Ulikuwa na doa, kama kitambaa cha meza baada ya wageni. Hapo ndipo kila mtu wa kazi hii hujua la kufanya, hata mpumbavu: unaacha. Udongo wa jembe ni wetu, tupekue tutakavyo. Chini ya jembe ni kwa watu wa makumbusho. Vitu vya huko ni mali ya taifa, na namna vilivyolala ni mali pia. Mtu akivuta, amevunja kitu asichoweza kukiona.

Preben akarudi. "Umelala humo?"

"Njoo usikie."

Akainama nusu, mikono kiunoni. Nikakigusisha kijiti chini, kikalia. Akasikiliza, akanyooka.

"Hiyo ni nyonga yako," akasema, tena kwa sauti ya kutosha kufika kwenye magari, ambako Grethe na wenzake walikuwa wanamimina kahawa. Grethe ni rafiki yangu, aliuza maua mjini miaka mingi, na masikio yake hayajastaafu. Wakaja wote na vikombe vyao.

"Nyonga yangu iko huku juu, Preben," nikasema. "Ikishuka hadi huko nitakuarifu."

"Chuma ni chuma. Umepiga magoti juu ya shimo na kilo nzima ya chuma mwilini. Kijiti kinakusoma wewe."

Wakacheka. Mmoja akasema basi niandikwe mimi mwenyewe kuwa mali ya taifa. Nikangoja kicheko kiishe. Kisha nikamnyoshea Preben kijiti.

"Shika wewe. Huna nyonga."

Hakuwa na njia. Akapiga magoti, akakichomeka, kikalia. Pale pale.

"Ni viatu vyako, bwana mwenyekiti," nikasema. "Vina chuma kwenye vidole. Kijiti kinakusoma wewe."

Grethe akapaliwa na kahawa. Preben akanitazama, akawatazama watu, akakaa kitako, akavua viatu. Soksi zake alizifuma mkewe, na mojawapo ilikuwa na dirisha kwenye kidole gumba. Akapiga magoti kwa soksi kwenye tope baridi, akakichomeka tena. Kikalia.

"Na mkanda?" Grethe akauliza.

"Mkanda unabaki," akasema Preben.

Hakucheka tena baada ya hapo. Alizunguka na kijiti, akapata na kile cha pili, nikaona jicho lake moja linafumba na kidevu kinainuka. Akanyosha mkono kwa sepeto.

"Nishuke kiganja kimoja tu. Tuone ni nini."

"Hushuki."

"Kiganja, Bodil. Likiwa bati la kopo la samaki je? Tumwite mtu wa makumbusho Jumapili yake kwa bati la samaki? Ejnar aache kipande bila kupanda? Hatatupa shamba tena, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Alikuwa na haki kwa upande huo, sikatai. Na nilijua akishachimba yeye, kitakuwa kimeonwa na Preben Mølbak, kiwe bati au dhahabu. Akalishika sepeto. Nami, kwa kuwa sikuwa na hoja nyingine iliyokuwa tayari, nikakaa shimoni. Nilijishusha taratibu ukingoni, makalio yakaziba pote. Kuna mambo ambayo mwenyekiti wa chama hawezi kumfanyia mjane hadharani, na kumng'oa shimoni ni mojawapo.

"Toka humo," akasema.

"Kahawa iko wapi?" nikasema.

Grethe akaniletea kikombe, na kipande cha mkate mweusi wa maini na tango juu yake. Nikala. Preben akasimama na soksi zake.

Hatimaye Ejnar akaja na trekta kuona kwa nini watu wazima wamesimama kama kunguru mahali pamoja. Akazima injini. Akatazama shimo, akanitazama mimi ndani yake.

"Unakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka waje watu wa makumbusho."

"Mimi napanda kesho."

"Panda. Nizungukie."

Akavua kofia, akakuna. Mkulima wetu humwombi aache ardhi yake bila mbegu. Ni kama kumwomba mpishi aache sahani moja tupu, tu, kwa heshima yako.

"Kuna nini humo?"

"Sijui."

"Hujui."

"Ningejua ningekuwa nimekivuta. Nimeacha kwa sababu sijui."

Hilo nadhani lilimwingia. Akachukua vigingi vinne vilivyokuwa nyuma ya trekta, akavichomeka kuzunguka shimo, akafunga kamba.

"Kikiwa takataka," akasema, "utapanda kipande hiki wewe mwenyewe, kwa mkono."

"Kwa magoti haya?"

"Kwa magoti hayo."

Nikampigia simu Signe, dada wa makumbusho anayeshughulika na vitu vya wilaya yetu, akasema atakuja kesho mchana na nisiguse. Tukatandika gunia chini ya shimo, tukarudisha udongo juu. Jioni hiyo nyumbani nikakumbuka mabati yote ya samaki niliyowahi kuyatoa ardhini maishani mwangu. Ni mengi. Baadhi yake yalikuwa ya mviringo mrefu. Kama kitu kile kingekuwa bati, jina langu lingebaki wilayani, ndiyo, lakini si kwenye kabati la vioo. Lingebaki mdomoni mwa Preben: Bodil wa Bati.

Jumapili chama kizima kikafika. Watu waliotoka kanisani wakafika pia, na nguo zao nzuri, wakasema walikuwa wanapita tu, ingawa njia ya shamba la juu haipiti popote. Ejnar alikuwa anapanda kama alivyoahidi, trekta linakwenda na kurudi, likifika kwenye kamba linazunguka.

Signe ni msichana mrefu, mpole, na suruali yake ina mifuko mingi kuliko duka la mshonaji. Akaondoa gunia, akapiga magoti bila kushika kitu chochote, nikamwonea wivu. Akauona udongo wenye doa. Kisha akaniomba kijiti apate mahali penyewe.

"Nitakuonyesha mimi," nikasema.

Nikashuka, kwa mpango wangu, mbele ya kanisa zima. Nikauliza pande zote, nikachomeka njiti mbili za kiberiti. "Hapa, na hapa." Grethe akaniinua.

Signe akaanza kukwangua kwa mwiko mdogo, kisha kwa kijiti cha mianzi, kisha kwa brashi. Alianza kwenye njiti ya kushoto. Hakuna aliyezungumza isipokuwa trekta. Preben alisimama amefumbata mikono, leo amevaa viatu visivyo na chuma, nilitazama. Njiti ilisimama wima, na chini yake kabisa, pale nilipoichomeka, ikatokea rangi.

Haikuwa kutu. Bati likishika kutu huwa jekundu. Hii ilikuwa kijani, kama jani la kabichi lililolowa.

"Shaba," Signe akasema kwa sauti ndogo.

Akaendelea. Ikatoka kama mgongo wa kobe, umechorwa nakshi za wanyama waliosokotana. Kisha kwenye njiti ya kulia, kobe wa pili, pacha wake. Zilikuwa bizimu, zile ambazo wanawake wa miaka elfu iliyopita walizifungia gauni hapa na hapa, juu ya matiti. Katikati yake zikatokea shanga za kioo, buluu na njano, zimelala kwa upinde, kila moja zamu yake, kama uzi bado upo.

Mwanamke. Alilala pale chini ya jembe la Ejnar, na la baba yake Ejnar, na la babu yake mwenye suruali, amevaa nguo yake ya siku kubwa, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina.

Signe akainama mpaka pua ikakaribia kugusa udongo. Akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mchungaji akakohoa. Kisha akaniita nami niinamie. Chini ya ukingo wa ile bizimu ya kushoto, palipo na kijani, kulikuwa na kipande cha kitambaa. Kitambaa chenyewe, na nyuzi zake, na mikunjo midogo midogo iliyopangwa na mtu aliyekuwa na subira.

"Shaba ndiyo iliyokitunza," akasema Signe. "Mtu angeivuta ile bizimu kidogo tu, kitambaa kingekuwa vumbi, na tusingejua kamwe kwamba kilikuwepo. Gauni lenye mikunjo hii sijawahi kuliona likiwa mahali pake."

"Watu wangevuta," nikasema. "Wengine walikuwa wameshavua viatu."

Grethe akatazama mbinguni.

Signe akasimama, akafuta mikono kwenye mifuko yake, akauliza lile swali. Ni kazi yake kuuliza.

"Nani aliyekiona?"

Upepo ukapita. Watu wakatazama viatu vyao, maana kwetu ndivyo swali kama hilo linavyojibiwa: linaachwa hewani mpaka mwingine aliseme kwa niaba yako, na wewe unakataa mara mbili kabla ya kukubali. Nilingoja. Shimo lilikuwa la Preben. Mashine ilikuwa ya Preben. Desturi ilikuwa ya chama. Nikamtazama Grethe, Grethe akanitazama, na macho yake yakasema, mimi ni muuza maua, usinitie kwenye mambo haya.

Nikayafikiria yale magoti yote niliyopiga. Nikamtazama yule mwanamke na shanga zake.

"Mimi," nikasema.

Ilitoka ndogo. Nikairudia. "Mimi, Bodil Thorsager. Kwa kijiti."

Nikasikia mtu nyuma akivuta pumzi, kama mtu anayeona mwenzake amevua nguo. Preben akafumbua mikono.

"Mashine yangu ndiyo iliyolia," akasema. "Shimo nimechimba mimi."

"Ililia kifungo. Kifungo unacho?"

Akatia mkono mfukoni. Alikuwa nacho, amekisafisha na kukisugua mpaka kinang'aa. Akakitazama kiganjani.

"Nacho ni kizuri," nikasema, na sikuwa nadhihaki. "Kiandikwe jina lako. Ulipokitoa, uliniambia nini?"

Nadhani watu wengi hawamjui Preben Mølbak. Wanajua mdomo wake. Alisimama pale huku kifungo kikimwakia mkononi, mchungaji akimtazama, na mke wake akimtazama, yule wa soksi. Angeweza kusema hakumbuki. Mimi ningesema anakumbuka, na tungebaki tunabishana mpaka leo.

"Nilimwambia afukie," akasema. "Nilisema, fukia shimo, Bodil. Hakufukia." Kisha, kwa taabu, kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe: "Na jana nilitaka kuvuta. Akakalia."

"Alikalia?" Signe akauliza.

"Kwa makalio," Grethe akasema, akiwa amepata ujasiri wake.

Trekta lilikuwa limezima bila sisi kujua. Ejnar alishuka, akaja hadi kwenye kamba yake, akatazama bizimu mbili na upinde wa shanga katikati. Akatazama kile kipande ambacho hakukipanda. Akanitazama mimi.

"Si mbaya," akasema.

Wasiotoka kwetu hawajui uzito wa maneno hayo. Ejnar aliyasema kwa mkewe siku ya arusi, na hajayasema tena mbele za watu.

Signe akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamwambia. Nikamwomba anisomee alivyoandika, akanisomea. Nikamwomba mara nyingine, nikisingizia upepo.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia duka la ushirika, ambako Lis hukaa kwenye mashine ya kulipia hata Jumapili. Tope lilikuwa limenikaukia kwenye magoti yote mawili, manjano na jeusi, na Grethe alikuwa amenishauri garini nijipanguse. Nikamwambia nitajipangusa Jumatano.

Nilichukua hamira, ambayo sikuihitaji. Nikaiweka mbele ya Lis, nikasimama vizuri ili ayaone magoti. Akayaona.

"Umeanguka, Bodil?"

"Hapana."

Nikangoja. Lis kalelewa vizuri, hakuuliza zaidi. Nikarudi nyuma, nikachukua mishumaa, nikarudi. Bado hakuuliza. Nikachukua na kopo la samaki. Nyuma yangu watu wakaanza kupanga foleni, na wao pia wakayatazama magoti yangu kwa heshima na kunyamaza, kama tunavyofunzwa tangu utotoni.

"Haya basi," Lis akasema mwishowe, na mikono yake akaiweka chini. "Umefanya nini?"

Nikawaambia, kuanzia kwenye kifungo. Foleni ikafika hadi kwenye maziwa, na hakuna aliyeniharakisha.